Treni za Addis zilikosa spea, si abiria

Kila uchaguzi ukikaribia, hukosi kuskia mwanasiasa akiahidi Nairobi treni za umeme za kisasa. Kabla hujampigia makofi, hebu tuangalie Addis Ababa. Wenzetu walishazipanda.

Septemba 2015, Addis ilizindua reli nyepesi ya umeme. Kabla mwaka uishe, njia zilikuwa mbili: moja mashariki hadi magharibi, nyingine kaskazini hadi kusini, zikikutana katikati ya jiji. Jumla ni kama kilomita 34, na treni 41. Gharama ilikuwa dola milioni 475, asilimia 85 ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ndiyo hiyo hiyo iliyotukopesha pesa za SGR, kwa hivyo usiseme hii ni stori ya majirani.

Na usidhani watu waliikataa. Nauli ilianza birr 2 hadi 6 kulingana na umbali. Kwa mtu anayehesabu kila senti, hiyo ilikuwa afueni, na mabehewa yakajaa.

Shida ilikuwa kwa hesabu. Abiria analipa birr, lakini spea zinanunuliwa ng'ambo kwa dola. Mwaka wa 2015, dola moja ilikuwa kama birr 21. Kufikia 2023 ilikuwa imepita 50. Mwaka wa 2024 serikali ikaiacha birr ijitafutie bei sokoni, na dola ikavuka birr 100. Sasa niambie, utapandishaje nauli ifuate dola wakati treni uliijengea mtu asiye na pesa? Ongeza hapo kwamba kwa miaka mingi Ethiopia ilikuwa na uhaba wa dola zenyewe, hata kama una birr mkononi.

Kwa hivyo treni ikiharibika, inaegeshwa. Kufikia 2023, chini ya nusu ya zile 41 zilikuwa zinafanya kazi. Zikipungua, unangoja stesheni hadi uchoke, unarudi kwa minibasi. Mapato yanashuka, na pesa za spea zinapungua tena. Deni nalo linabaki pale pale, treni itembee isitembee.

Somo si kwamba treni ni mbaya. Jiji haliwezi kubeba mamilioni ya watu kwa matatu pekee, na wewe unayekaa kwa jam ya Mombasa Road unajua. Somo ni kwamba kununua treni ndiyo sehemu rahisi. Kuitunza miaka 10 baadaye ndiyo kazi, na hapo hakuna utepe wa kukata wala kamera.

Sisi pia tuko njiani. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012, na mwaka wa 2020 tukaleta treni za mitumba kutoka Uhispania. Mtumba si dhambi, lakini hata gari la mtumba unauliza spea zinapatikana wapi kabla ya kulipa.

Basi ukiitwa kwa kikao cha kutoa maoni kuhusu treni mpya, usiulize rangi ya viti. Uliza mambo matatu. Pesa za ukarabati ziko kwa bajeti ya kila mwaka? Mafundi wetu watafunzwa kabla mkandarasi arudi kwao? Na shilingi ikianguka, nani atalipa tofauti: serikali, ama wewe pale stesheni?

Wakikosa jibu, waambie warudi wakapige hesabu kwanza.