Kabla ya Kuzima Mashine, Leteni Mofini Garsen

Makala iliyodai kwamba familia zetu hung'ang'ania mashine ya kupumulia kwa kuogopa kifo imetuonea. Mwandishi angeuliza kwanza mtu wa Garsen, huku kaunti ya Tana River, huifikiaje mashine hiyo. Hupelekwa Hola au Malindi, na akizidiwa, Mombasa. Mto Tana ukifurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023, barabara hukatika. Jamaa waliouza ng'ombe ili mzee wao afike huko huitwa mlangoni, wakaambiwa kwa dakika mbili kwamba hakuna tumaini. Wakisita, wanaitwa wakaidi! Mpokomo na Muorma, wenyeji wa huku, wanajua kuwa siku ikifika imefika. Wanachokataa ni kuamuliwa bila kuelezwa.

Nakubali jambo moja: ipo hatua ambapo mashine hurefusha kufa tu. Lakini ukishaiondoa, unampa mgonjwa nini? Hapo makala ilinyamaza, na hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandikia wagonjwa mofini ya kutuliza maumivu makali tangu 2004. Ni dawa ya maji. Binti huipima kwa bomba la sindano na kumnywesha babake kitandani, nyumbani. Haihitaji umeme. Inahitaji muuguzi aliyefunzwa, daftari la hesabu na kabati lenye kufuli.

Wizara ya Afya na kaunti ya Tana River wafikishe mofini na mafunzo hayo Garsen. Hadi hapo, msiwalaumu wanaokataa mashine izimwe.