Mdaiwa aulizwe mali zake siku ya hukumu

Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anapompakilia mchuuzi matenga kwa mali kauli, yaani alipwe mzigo ukishauzwa, kinachobaki mkononi mwake ni jina, namba ya simu na mistari miwili kwenye daftari. Mchuuzi akishauza mzigo Mwanjelwa, Mbeya, simu haipokelewi tena. Inafuata kesi, na mara nyingi mkulima anashinda: daftari lina sahihi, kijana aliyepakia anatoa ushahidi, na mdaiwa mwenyewe wala habishi.

Tanzania haina mahakama maalumu ya madai madogo. Kazi hiyo inafanywa na Mahakama za Mwanzo, ambazo tangu marekebisho ya sheria ya 2016 zinasikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Shauri linaendeshwa kwa Kiswahili, na mdai anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Hapo hakuna cha kulalamikia.

Kasheshe iko kwenye kukaza hukumu.

Mahakama haimfuati mdaiwa yenyewe. Mshinda tuzo, yaani aliyeshinda kesi, ndiye anayeomba, na ndiye anayetakiwa kuonyesha mali ya kukamatwa. Dalali wa mahakama akifika nyumbani anakuta kitanda, sufuria na nguo, vitu ambavyo sheria inakataza kukamatwa, sawa na zana za fundi. Katazo hilo ni la utu na libaki. Lakini Fuso iliyoegeshwa nje je? Kadi ina jina la shemeji. Ikikamatwa, shemeji analeta pingamizi, na mkulima anapanda tena basi la Mbeya kusikiliza shauri jipya lililozaliwa na shauri alilokwisha kushinda.

Wapo wanaotamani tuige Kenya, ambako Mahakama ya Madai Madogo ilianza Milimani, Nairobi, mwaka 2021, ikisikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za huko, na sheria ikitaka shauri liishe ndani ya siku 60. Kasi ni jambo jema, ila haimwonyeshi mdai mali iliko.

Dawa iko karibu zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayotumika kuanzia mahakama za wilaya, inaruhusu mdaiwa aitwe na kuhojiwa kwa kiapo ana mali gani. Swali hilo liwe la lazima Mahakama ya Mwanzo, siku ileile hukumu inaposomwa, mdaiwa akiwa bado mbele ya hakimu: shamba lako liko wapi, unatumia gari la nani, nani unamdai? Majibu yaingie kwenye jalada. Akiomba kulipa kwa awamu, akubaliwe, tarehe zitajwe, na akiruka awamu moja amri ya kukamata mali itoke.

Mkulima naye asisubiri hakimu. Kabla tenga la kwanza halijapanda garini, apige picha ya namba ya gari na kitambulisho cha NIDA cha mnunuzi, kisha aulize anaishi mtaa gani na nyumba ni ya nani.