Baraka na Fizi: kuzima masasisho ya kompyuta kunaweza kutugharimu zaidi ya mega

Mjini Baraka na katika teritware nzima ya Fizi, mega ni ghali na umeme unategemea zaidi jua ao jenereta. Ndiyo maana watu wengi wanazima masasisho ya Windows. Sababu tunaielewa, lakini hasara yake ni kubwa.

Sasisho linaziba matundu ya usalama, linaimarisha faiawoli inayochuja kinachoingia kwenye kompyuta, na linarekebisha draiva, yaani programu inayoifanya kompyuta ielewane na printa ao modemu.

Mwezi wa tatu 2017, Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja. Tarehe 12 Mei, virusi vya WannaCry vikapitia tundu hilohilo, vikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 100 na kudai pesa. Waliosasisha mapema walikuwa wamefunga mlango huo.

Kwetu, kompyuta moja inaweza kubeba orodha za wanafunzi, ripoti za kituo cha afya na hesabu za ushirika. Mafaili hayo yakifungwa, nani atayarudisha?

Njia ipo. Windows inaruhusu kompyuta za mtandao mmoja wa ndani kugawana sasisho: moja inapakua, zingine zinachukua kwake. Wakubwa wa shule, vituo vya afya na mashirika wapange siku moja kila mwezi, wachange mega. Faiawoli yenyewe haili mega. Isizimwe hata siku moja.