UGONJWA ULIKUJA, SHERIA ILIKUWAKO



Imekuwa desturi hapa Madogo kwamba mtu akiulizwa kwa nini alipoteza kazi mwaka 2020 hujibu kwa neno moja tu: Korona. Tajiri alisema Korona, na mfanyakazi naye akakubali, kana kwamba ugonjwa ndio uliomwandika kazi. Twataka kusema wazi kwamba ugonjwa haukumfukuza mtu yeyote. Waliofukuza ni wenye kazi, na sheria ya kupunguza watu ilikuwako kabla ya ugonjwa, ikawako wakati wa ugonjwa, na ipo hata leo.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 kafyu ikaanza. Tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, zisifunguliwe mpaka 7 Julai. Mwezi wa Mei mtaa wa Eastleigh nao ukafungwa peke yake, na kila mwenye duka upande huu wa daraja na upande wa Garissa ajua mali yake hutoka wapi. Mabasi yalisimama. Madereva, makanga, wapakiaji, wapishi wa hoteli za kando ya barabara na walinzi wa maghala walirudi nyumbani kukaa. Hatusemi kwamba matajiri hawakuumia. Waliumia, na wengine walikuwa na deni la gari benki. Lakini hasara ya tajiri haifuti haki ya mtumishi wake.

Basi sheria ilibadilika wapi? Tarehe 25 Aprili 2020 kodi zilipunguzwa, na mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi akaachiwa kodi ya mapato. Mwezi huo huo Wizara ya Kazi, Shirikisho la Waajiri na COTU walitia sahihi maafikiano kwamba waajiri na vyama wakae wazungumze kabla ya kuwapunguza watu au mishahara. Maafikiano ni kitu chema, lakini si sheria ya Bunge. Seneti nayo ililetewa mswada ambao ungemkataza mwajiri kumlazimisha mtu akubali mshahara mdogo kwa sababu ya ugonjwa. Mswada huo haukufika kuwa sheria. Kwa hiyo Sheria ya Ajira ya 2007 ilibaki kama ilivyokuwa, herufi kwa herufi, na mwajiri aliyesema kwamba “sheria zimesimamishwa” alikuwa akijitungia.

Na sheria hiyo yasema nini? Kazi ikipungua, mwajiri hana budi kukipa chama na Afisa wa Kazi notisi ya maandishi, isiyopungua mwezi mmoja, yenye sababu na idadi ya watu. Asiye mwanachama hupewa barua yake mwenyewe. Kuchagua nani aende kuna kanuni: muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, wala si nani mpwa wa nani. Kisha alipwe likizo aliyobakisha, notisi ya mwezi au mshahara wake, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Dereva wa shilingi 1,000 kwa siku aliyetumika miaka minane alistahili shilingi 120,000 kwa fungu hilo la mwisho peke yake. Ni wangapi kati yetu waliopata hata robo? Wengi walipata ujumbe wa simu: kaa nyumbani mpaka utakapoitwa. Likizo bila malipo haikuandikwa katika sheria kuwa ni amri ya tajiri. Kubadili masharti ya kazi kunataka mashauriano na mfanyakazi, kisha barua.

Vibarua husema, sisi si wa mwezi, hayo hayatuhusu. Si kweli. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi, sheria humhesabu kuwa ni mtu wa mshahara wa mwezi. Wapakiaji wa hapa wako waliobeba magunia ya bwana mmoja kwa miaka mitano, na kila jioni huambiwa wao ni wa leo tu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Sheria humpa mtu aliyetumika miezi miwili siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara, kwa mwaka mzima, akiwa na cheti cha daktari. Karantini ya Korona ilikuwa siku 14. Fanyeni hesabu wenyewe: dereva aliyezuiliwa mara moja tu, na mwajiri akaziita siku hizo za ugonjwa, alikuwa amemaliza haki yake ya mwaka, hata kama hakukohoa. Nani alipe siku za karantini? Sheria ilinyamaza, na palipo na kimya tajiri husema yeye.

Upande wa bima mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini, pia ya 2007, yamtaka kila mwajiri awakatie watu wake bima. Mtu akifa kwa ajali ya kazi, wategemezi wake hulipwa kwa hesabu ya mishahara ya miezi 96. Ina orodha ya magonjwa ya kazi, lakini iliandikwa wakati Korona haijazaliwa. Ugonjwa usio katika orodha huweza kulipwa, ila mgonjwa athibitishe kwamba aliupatia kazini. Mtu wa lori athibitisheje kwamba aliambukizwa kwenye foleni ya mpakani, wala si msikitini au sokoni? Afrika Kusini hawakungoja ugomvi: Machi 2020 msimamizi wao wa fidia alitoa taratibu za kuwalipa walioambukizwa kazini. Hapa kwetu wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma Desemba 2020, na bima na fidia zilikuwa miongoni mwa madai yao.

Matajiri wenyewe walikutana na shida iyo hiyo. Bima ya hasara ya biashara kwa kawaida hulipa pale mali ilipoungua au kuvunjika, na virusi havivunji ukuta. Lakini huko Uingereza wenye bima zilizotaja maradhi ya kuambukiza waliungwa mkono na Mahakama Kuu kabisa tarehe 15 Januari 2021. Huko Afrika Kusini mkahawa mmoja wa Cape Town ulishinda mahakama ya rufani Desemba 2020. Walishinda kwa maneno machache yaliyokuwa ndani ya karatasi zao. Ikiwa tajiri husoma karatasi yake mstari kwa mstari, yetu nayo isomwe hivyo.

Kesi za kuachishwa kazi zina muda wa miaka mitatu, hivyo mlango wa kesi za 2020 na 2021 umekwisha fungwa. Madai ya ajali au ugonjwa wa kazi yana miezi 12 tu, na hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo tarehe 3 Desemba 2019, basi msimlipe wakili wa kukimbilia kortini kwanza. Kwa madai ya kuachishwa, mwenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 aweza tangu 2018 kusikilizwa na hakimu mwenye cheo kinachotakiwa, bila kwenda mbali.

Tunayasema haya kwa sababu neno lile halikwenda na Korona. Maji ya Tana yalipokata barabara yetu Novemba 2023, na tena Aprili 2024, wako walioambiwa vile vile: hakuna kazi, nendeni. Kipindupindu kimekwisha pita katika wilaya hii, na Julai 2024 Mpox ilionekana Taita Taveta, kwenye njia ya malori.

Katika mapatano yajayo Chama kitadai vifungu vitatu viandikwe: siku za karantini zilipwe na zisihesabiwe kuwa za ugonjwa, likizo bila malipo isiwepo ila kwa sahihi ya Chama, na nakala ya bima ya fidia ibandikwe ukutani mahali pa kazi. Kila mwanachama alete kwa katibu wa tawi barua yake ya kuandikwa, na asiye na barua alete ujumbe wa simu, daftari la zamu, au risiti ya M-Pesa ya mshahara. Msifute chochote kwenye simu zenu.