Madaktari wa misheni katika nchi za hatari: wanakwenda kwa nini, na nani hubaki?

Mgonjwa akizidiwa Masakta, majina yanayotajwa ni yale yale: Katesh, Dareda, Haydom. Mbili kati ya hospitali hizo, Dareda na Haydom, zilianzishwa na wamisionari. Haydom ilianza mwaka 1955 kwa kazi ya Walutheri wa Norway. Dr. Ole Halgrim Evjen Olsen alifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, akalea familia yake hapo hapo, na mwanawe Øystein baadaye akaja kuiongoza hospitali hiyo.

Kwa hiyo sisi wa Hanang na Mbulu tunawajua madaktari wa misheni kwa sura ya amani. Hatari zao hapa zilikuwa malaria, barabara mbovu na umbali. Lakini wenzao wengi walikwenda penye bunduki na magonjwa yasiyo na dawa. Baadhi hawakurudi. Makala haya yanaangalia kwa nini walikwenda, na nani alilipa gharama.

Hatari ya kwanza: ugonjwa wenyewe

Tuanze na jirani yetu Uganda. Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada, alifika hospitali ya Lacor mjini Gulu mwaka 1961 pamoja na Piero Corti, daktari wa Italia aliyekuja kuwa mume wake. Mpango wake ulikuwa kusaidia kwa miezi michache tu. Alibaki hadi mwisho wa maisha yake ya kazi. Wakati wa vita aliwapasua majeruhi wengi, akiingiza mikono penye mifupa iliyovunjika na vipande vya risasi. Humo ndimo alimopata virusi vya UKIMWI. Aligundua mwaka 1985, akaendelea na kazi kwa miaka mingine, akafariki mwaka 1996.

Aliyeshika kazi baada yao hakutoka ng'ambo. Dr. Matthew Lukwiya alikuwa Mwacholi, mtu wa huko huko kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1989 waasi walivamia hospitali wakitaka kuchukua wauguzi. Yeye akajitoa achukuliwe badala yao, akakaa porini na waasi kwa wiki moja kabla ya kuachiwa.

Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala alipopigiwa simu: wauguzi wanafunzi wa Lacor wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alirudi, akachunguza, akawa wa kwanza kushuku kuwa ni Ebola. Wafanyakazi walipoanza kufa mmoja baada ya mwingine, wenzao walitaka kuacha kazi. Lukwiya alikaa nao akawasikiliza na kuwasihi wabaki. Usiku mmoja alimhudumia muuguzi mwenzake aliyekuwa akivuja damu. Alivaa glovu, barakoa na gauni, lakini macho hayakuwa na kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ule ulipata watu 425 na kuua 224.

Hatari ya pili: bunduki

Annalena Tonelli wa Italia hakuwa daktari wala mtawa. Alisomea sheria. Alikwenda kaskazini mwa Kenya, eneo la Wajir, akakuta wafugaji wanaohamahama wakifa kwa kifua kikuu. Tatizo lao linajulikana kwa Wabarbaig na wafugaji wote: dawa ni ya miezi mingi, lakini ng'ombe na ngamia hawasubiri. Mgonjwa akihama, dozi inakatika.

Tonelli aliwaacha wagonjwa wapige kambi zao karibu na kituo, wakimeza dawa mbele ya mhudumu hadi wamalize. Njia hiyo ilianza kujaribiwa mwaka 1976. Kumeza dawa chini ya uangalizi ndiyo njia ambayo baadaye Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi nyingi kuitumia, na ndiyo maana mgonjwa wa TB hata hapa kwetu husisitizwa amalize dozi mbele ya msimamizi.

Mwaka 1984 alipaza sauti kuhusu mauaji ya Wagalla, ambako wanaume wengi wa Kisomali waliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya. Baada ya hapo ilimbidi aondoke Kenya. Akahamia Somalia na baadaye Borama, Somaliland, akiendelea na kazi ile ile. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa kuwahudumia wakimbizi. Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi ndani ya hospitali aliyoianzisha.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 2006, Sista Leonella Sgorbati, aliyefundisha wauguzi Kenya kwa miaka mingi kabla ya kwenda Mogadishu, aliuawa akitoka hospitalini. Mlinzi wake, Mwislamu wa Somalia, alikufa pamoja naye.

Kwa nini wanakwenda?

Jibu la haraka ni imani, na ni kweli kwa wengi. Lakini imani peke yake haielezi yote. Wapo wanaovutwa na kazi yenyewe: mjini kwao daktari mmoja akiondoka wapo mia wa kushika nafasi, hapa akiondoka wodi inafungwa. Wapo wanaotafuta safari na jina. Na wengi hawakuamua siku moja kukabili kifo. Walikuja palipo salama, hatari ikawakuta wameshawajua watu kwa majina.

Dr. Ken Elliott wa Australia alifika Djibo, Burkina Faso, mwaka 1972, wakati hapakuwa na vita. Alitekwa Januari 2016 akiwa na miaka zaidi ya 80, akaachiwa Mei 2023. Alipotekwa, wakazi wa Djibo, wengi wao Waislamu, waliandamana wakidai arudishwe.

Lawama nazo zipo, na si za kupuuzwa. Wapo waliotumia dawa kama chambo cha kubadili dini, na mgonjwa mahututi hana nguvu ya kukataa mahubiri. Wapo pia wanaosema mgeni anayelazimisha kubaki penye vita huhatarisha dereva, mlinzi na mpishi wake.

Nani hubaki?

Hapa ndipo penye jambo zito. Mwaka 2014, Dr. Kent Brantly, mmisionari Mmarekani, aliugua Ebola huko Liberia. Alipewa dawa ya majaribio, akasafirishwa kwa ndege maalumu hadi Atlanta, akapona. Siku chache kabla ya ndege hiyo, Dr. Sheik Umar Khan wa Sierra Leone, bingwa wa homa hizo, alifariki nchini kwake. Dawa ile ile ilikuwapo alipokuwa amelazwa, lakini waliomtibu waliogopa kumpa. Katika mlipuko huo wahudumu wa afya zaidi ya 500 walikufa Afrika Magharibi, karibu wote wenyeji.

Suala hili si la mbali. Homa ya Marburg ilizuka Kagera mwaka 2023 na tena Biharamulo mwaka 2025. Mwaka 2023 mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kijana wako akimaliza uuguzi na kuitwa kazini na shirika la misheni, iwe Kongo, Sudan Kusini au hapa nchini, muulizeni mambo haya kabla hajasaini. Vifaa vya kujikinga vipo, pamoja na kinga ya macho? Akiugua, atatibiwa wapi na kwa fedha za nani? Wageni wakiondolewa kwa ndege, wenyeji watapata nafasi? Akifa, familia italipwa nini? Shirika lenye nia njema litakuwa na majibu yaliyoandikwa.

Lukwiya aliomba azikwe Lacor, karibu na kaburi la Lucille. Makaburi yao yako katika uwanja wa hospitali hiyo, na hospitali inafanya kazi hadi leo, ikiendeshwa na Waganda.