Umeweka Linux, WiFi ikakataa? Shida si bando, ni draiva

Uko zako Chaani, umenunua laptop ya ex-UK. Microsoft ilifunga sapoti ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, so ukaweka Linux. Mashine inapepea, lakini WiFi? Zii!

Usimlaumu fundi. Kinachokosekana ni draiva, ile programu inayofanya mfumo uelewane na chipu ya WiFi. Kampuni nyingi huficha vile chipu zao zinafanya kazi. Broadcom ilitoa draiva ya wazi ya Linux 2010, tena kwa baadhi ya chipu tu. Kabla ya hapo, wasee walizichunguza wenyewe.

Na draiva haihami hivi hivi, kila mfumo una lugha yake. FreeBSD ilibidi ijenge daraja, LinuxKPI, ndio itumie draiva ya WiFi ya Intel iliyoandikiwa Linux.

Kebo ya TEAMS ilifika hapa Mombasa 2009, lakini bila draiva, intaneti inakupita tu mlangoni.

Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, washa Linux kutoka kwa flashi ujaribu WiFi. Ushanunua? Chomeka simu kwa waya ya USB, itumie kama modemu, utafute draiva. Kazi za online hazingoji mtu.