Katuni si Adui wa Kitabu

Wako walimu wengi, na wazazi pia, ambao wakimkuta mtoto wa darasa la tano ameinamia kitabu cha katuni huona kwamba ameasi masomo. Kitabu hunyang'anywa, na mara nyingine fimbo hufuata. Baadhi yetu tuliionja fimbo hiyo kwa sababu ya gazeti la Sani lililofichwa chini ya dawati. Tunakiri kwamba kosa lilikuwepo, kwani somo lilikuwa la hesabu. Lakini kosa hilo lilikuwa la wakati. Kusoma kwenyewe hakukuwa na hatia.

Historia ya nchi yetu haiungi mkono dharau hiyo. Tangu miaka ya 1960 wasomaji wa Uhuru walimfahamu Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, na wako watu wazima waliofungua gazeti kumtazama yeye kwanza kabla ya habari za siku. Katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 wataalamu hawakuona aibu kuweka picha kando ya maneno ili mkulima apate kusoma. Na hapa Nyanda za Kati hatuwezi kusema kwamba kusimulia kwa picha ni jambo la wageni: michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ipo karibu na Kolo, kando ya barabara ya kwenda Babati.

Tunatoa basi rai kwamba maktaba za umma, kwa kuanzia na ya Mkoa wa Dodoma, zianzishe vikundi vya watoto wa miaka 10 hadi 13 vya kusoma hadithi za picha. Umri huo ndio tunaoupoteza. Mtoto wa darasa la pili hupewa vitabu vyenye picha. Kijana wa sekondari huamriwa kusoma riwaya, tena nyingine kwa Kiingereza, lugha ambayo hakufundishwa kwayo katika shule nyingi za msingi. Katikati yao pana korongo, na wengi hutumbukia humo. Baada ya mtihani wa darasa la saba hawagusi tena kitabu kwa hiari yao.

Hadithi ya picha si chakula cha kutafuniwa. Kati ya kisanduku kimoja na kingine msomaji hujaza mwenyewe kilichotokea. Hupima uso wa mhusika dhidi ya maneno yaliyomo katika kiputo chake, akagundua kwamba anadanganya. Watoto kumi wakisoma kitabu kimoja watabishana kuhusu jambo hilo, nao ubishi huo ndio ufahamu tunaoutafuta katika mitihani. Baadaye wapewe karatasi na penseli wachore ya kwao: foleni ya ndoo kisimani, mavuno ya zabibu, au safari ya mtoto aliyeletwa Dodoma na wazazi watumishi baada ya Serikali kutangaza kuhamia huku mwaka 2016, akamkuta jirani anayeamkiana kwa Kigogo.

Hatusemi kila katuni inafaa. Magazeti mengi ya katuni yaliandikwa kwa ajili ya watu wazima, na mengine yana mambo ambayo mzazi mwangalifu hatayaweka mezani. Kuchagua ni kazi ya mkutubi na mwalimu, wala si ya polisi. Tatizo kubwa zaidi ni uchache wa vitabu vya Kiswahili vya aina hii kwa umri huo. Wachoraji tunao; wachapishaji husita kwa kuwa hawaoni mnunuzi. Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo sheria ya mwaka 1975 iliikabidhi maktaba za umma, ingeweza kuwa mnunuzi huyo wa kwanza, hata kwa nakala chache kwa kila mkoa.

Vikundi vyenyewe havihitaji jengo jipya. Vinahitaji meza moja, saa mbili za Jumamosi, na mtumishi atakayekubali kwamba siku hiyo maktaba haitakuwa kimya.